Barua ya Wazi kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: Kadi Inapokelewa Wapi Iguguno?

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), Dodoma
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Mkalama, Nduguti

YAH: KUBANDIKA ORODHA YA VITUO VINAVYOPOKEA KADI

Kadi ya bima haimtibu mtu popote anapougulia. Inafanya kazi pale tu kituo kina mkataba na mfuko ulioitoa, kwa huduma zilizomo kwenye kitita cha mafao, na katika ngazi ambayo mgonjwa anaruhusiwa kuifikia. Masharti hayo yanafahamika vizuri Dodoma. Iguguno, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, wengi huyajulia kwenye dirisha la kituo, nauli ya bodaboda ikiwa imeshalipwa.

Ngazi hizo zinaanzia zahanati. Kliniki ya daktari wa familia, anayemjua bibi, mama na mjukuu, ni jambo la mjini, na hata huko ni nadra. Kijijini kazi hiyo ni ya tabibu wa zahanati na muuguzi wake. Historia ya mgonjwa imo kwenye daftari la shule alilolinunua mwenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Juu ya vituo hivyo kuna hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa mjini Singida. Watu wa Mkalama hukimbilia pia hospitali za Kilutheri: Iambi, ndani ya wilaya, na Haydom, upande wa Manyara.

Ugumu unaongezeka kwa kuwa kadi si moja. NHIF iliundwa kwa sheria ya 1999, ikaanza kazi 2001 na watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu mtumishi, nusu mwajiri. Hiyo ndiyo kadi ya mwalimu. Mkulima wa alizeti ameizoea zaidi CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, mbele kwenye barabara hiyohiyo ya Nzega. CHF iliyoboreshwa, kuanzia 2018, ilitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwalimu na mkulima wanaweza kukaa benchi moja, lakini kadi zao hazifiki umbali sawa. Ya mwalimu inapokelewa nchi nzima katika vituo vilivyosajiliwa, vya serikali, vya dini na vya binafsi. Ya mkulima ilijengwa juu ya vituo vya serikali na rufaa ya ngazi kwa ngazi, na anayeiruka zahanati anaweza kujikuta akilipa taslimu.

Hata kupokelewa kwenyewe hakutoshi. Mama wa miaka 45 mwenye presha anaandikishwa, anapimwa, anaandikiwa vidonge, kisha dirisha la dawa linamjibu kwamba vimekwisha. Anavuka barabara kwenda duka la dawa na kufungua pindo la kanga. Kwenye hesabu za mfuko, huyo ametibiwa kwa bima.

Mikataba nayo hubadilika. Machi 2024, kitita kipya cha mafao na bei zake kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF. Orodha ya vituo iko kwenye tovuti ya mfuko, ni kweli, lakini simu ya kitochi haifungui tovuti.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Anayelazimishwa kulipa ana haki ya kuambiwa mapema atatibiwa wapi. Kulitafuta jibu hilo akiwa na homa si kazi yake.

Kinachoombwa ni karatasi moja yenye tarehe na mhuri, inayobadilishwa kila robo mwaka na kubandikwa ofisi ya mtendaji wa kata, kwenye zahanati na stendi. Ionyeshe jina la kila kituo, kadi kinazopokea, rufaa inahitajika au la, dawa ikikosekana ichukuliwe duka gani lenye mkataba, na namba ya simu ya ofisi ya mfuko mkoani. Ya kwanza ibandikwe kabla alizeti haijauzwa, maana fedha ya kukata bima hupatikana msimu huo.