Ofisa Mstaafu na Mfuko wa Pili

Liko swali linalozungumzwa katika matawi yetu ya Tabora, nasi hatukubali kulipita kimya. Ofisa wa jeshi amestaafu, amepewa kiinua mgongo na pensheni yake. Kisha Serikali yamwita tena kushika kazi ya uraia. Je, ni haki apokee mshahara wote wa kazi ile na pensheni yote ya jeshi, mwezi huo huo, kutoka Hazina hiyo hiyo? Wako wanaonong'ona kwamba kuuliza hivi ni wivu. La hasha! Hazina hiyo hujazwa na mkulima wa tumbaku wa Urambo na mrina asali wa Sikonge, na mwenye mali haombi ruhusa ya kuuliza mali yake yaenda wapi.

Kwanza heshima kwa wanaostahili heshima. Mji wetu wawajua askari kuliko miji mingi. Uliona Wajerumani wakiondoka na majeshi ya Wabelgiji yakiingia tarehe 19 Septemba 1916; ukaona askari wa Keya; na Januari 1964 kikosi cha hapa kiliasi siku moja baada ya wenzao wa Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mtu wa Tabora hawezi kusema kuwa malipo ya askari ni jambo dogo. Katika kikosi hicho alikuwamo Kapteni Mirisho Sarakikya, ambaye mwaka ule ule aliwekwa kuwa Mkuu wa Jeshi jipya la Wananchi, na baada ya 1974 akalitumikia Taifa katika uwaziri na ubalozi. Basi hatusemi ofisa akivua magwanda afungiwe mlango. Aliyepeleka chakula na risasi kwa vikosi vyetu hadi Uganda katika vita ya 1978 na 1979 ana mengi ya kuufaa mkoa.

Wanaotetea malipo yote mawili wana hoja moja nzito, nasi tutaipima bila hila. Wanasema pensheni ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, na mshahara ni ujira wa kazi nyingine. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyefikisha pembe Bagamoyo alichukua ujira wake. Alipobeba shehena ya nguo kurudi Unyanyembe alilipwa upya, kwa kuwa safari ya kwanza haikufuta ya pili. Hoja hii twaikubali. Pensheni ni deni, si sadaka, na Serikali isiyolipa deni lake kwa askari itajuta.

Lakini twende mbele kidogo katika njia ile ile ya misafara. Kirangozi alitangulia na bendera, mzigo wake mwepesi na posho yake kubwa kuliko ya wenzake, na wapagazi hawakunung'unika kwa sababu kazi yake waliiona. Wangalinung'unika, tena wangalitupa mizigo porini, kama angalichukua posho ya kirangozi pamoja na posho ya mzee aliyeachwa nyumbani kwa kuchoka mabega. Pensheni ni deni, ndiyo. Lakini pia iliwekwa imtunze mtu aliyekwisha kutua mzigo. Aliyeketi katika kiti cha Serikali kwa mshahara kamili hajautua.

Februari 1967, kwa Azimio la Arusha, TANU ilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi. Februari 1991, huko Zanzibar, CCM ililegeza fundo hilo. Mtu aweza kusema kwamba pensheni si mshahara, hivyo Arusha haikumgusa mstaafu. Kwa maneno yalivyo, huenda ni kweli. Kabwela hatazami jina lililoandikwa kwenye karatasi ya malipo, atazama mifuko.

Na hapa twataka tueleweke. Hatumsemi sajini mstaafu anayelinda shule usiku. Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni kwa wastaafu wanaolipwa na Hazina kilipandishwa kutoka shilingi 50,000 na kidogo hadi shilingi 100,000 na kidogo kwa mwezi. Na kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilitangazwa kuwa shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mzee wa namna hiyo akiongeza ujira wa ulinzi, nani atasema amenyonya? Asiguswe hata senti.

Wamarekani walilijaribu jambo hili. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa maasi yetu, walitunga sheria ya kumkata ofisa mstaafu wa jeshi la kudumu sehemu ya pensheni yake akiingia kazi ya uraia ya Serikali Kuu. Askari wa vyeo vya chini sheria hiyo haikuwagusa. Mwaka 1999 wakaifuta, kwa hoja kwamba Serikali ilikuwa ikiwakosa watu wenye ujuzi. Twaona walilenga mahali pabaya: walikata deni. Sisi twasema pensheni ibaki ilivyo, na mkataba wa kazi mpya ndio upimwe. Ofisa wa cheo cha juu alipwe tofauti tu, mpaka kwa jumla afikie mshahara wa kiti anachokishika. Atakayeona haimfai, na akae Kwihara atunze miembe yake, hatutamlaumu.

(Na tusidanganyane: wako pia raia wanaostaafu Ijumaa na kurudi Jumatatu kwa mkataba. Zamu yao itafika katika ukurasa huu.)

Mkataba huo uwe na mwisho, na chini yake awekwe kijana anayejifunza kazi. Hapa hapa Tabora kuna Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wazee bado wakiita Chuo cha Uhazili. Vijana hutoka pale na vyeti mkononi, kama sisi tulivyotoka chuo cha ualimu, wakapiga foleni ya ajira miaka. Kila kiti kinachorudiwa na mstaafu bila mwanafunzi kando yake ni foleni iliyorefushwa.

Januari 1958, katika mji huu, TANU ilibishana vikali juu ya kura tatu, wala haikuvunjika. Wajumbe wa Nzega, Igunga, Uyui, Kaliua, Urambo na Sikonge wapeleke jambo hili mikutanoni, na maofisa wastaafu waliomo Chamani waje waseme kwa vinywa vyao. Barua zao tutazichapa, hata za kutupinga.