Kabla hujachangia kampuni ya mdogo, uliza nani ameshika mlango

Makamanda wenzangu, siku hizi karibu kila kundi la WhatsApp nililomo lina mchongo wa kuchangia kampuni ya programu. Vijana wenzetu wametengeneza kitu kizuri kweli, ila wanaingia kwenye soko ambalo tayari lina mkubwa wake. Kwa kuwa nasoma sheria, naulizwa: tuweke hela au tusiweke? Naomba nianze na kesi moja ya Marekani, kisha nitoe msimamo wangu.

Tarehe 9 Agosti 1995 kampuni ya Netscape, ambayo haikuwa na umri wa hata mwaka mmoja na nusu, iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 28 kila moja. Soko lilipofungwa jioni, hisa moja ilikuwa dola 58.25. Watu waligombania kwa sababu kivinjari chake, Navigator, ndicho wengi walichotumia kuingia kwenye intaneti. Wiki mbili baadaye Microsoft ikatoa Windows 95. Sasa hapo ndipo pa kuangalia: Netscape ilikuwa na bidhaa, lakini kwa watumiaji wengi bidhaa hiyo ilikaa juu ya Windows. Mlango ulikuwa wa mwingine.

Watu husimulia kwamba Microsoft ilishinda kwa kugawa Internet Explorer bure. Kugawa bure hakukuonekana kosa mahakamani. Kilichoiponza zaidi ni mikataba. Leseni ziliwazuia watengenezaji wa kompyuta kuondoa alama ya Explorer kwenye skrini. Compaq ilipoiondoa mwaka 1996, ilitishiwa kunyang'anywa leseni ya Windows, ikairudisha haraka. Hivi mwaka 1996 ungemuuzia nani kompyuta isiyo na Windows? Mwaka huohuo AOL, kampuni kubwa ya kuunganisha watu na intaneti, ilikubali kuwapa wateja wake Explorer, nayo ikawekwa ndani ya Windows. Wenzangu wa upinzani, sidhani kama nina haja ya kuwaeleza maana ya kushindana na mtu ambaye ndiye mwenye uwanja.

Serikali ya Marekani ilifungua kesi Mei 1998. Kufika Novemba mwaka huo Netscape ilikuwa imekubali kununuliwa na AOL. Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi tarehe 28 Juni 2001: ni kweli Microsoft ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake, lakini amri ya kuigawa vipande viwili ikafutwa. (Jaji wa chini alikuwa amezungumza na waandishi wa habari pembeni wakati kesi ikiendelea. Jamani!) Mwaka 2003 Microsoft ikakubali kulipa dola milioni 750 kumaliza madai ya Netscape. Zilikwenda kwa nani? AOL. Ileile ya Explorer.

Je, waliowekeza Netscape walipigwa? Hapana, si wote, na hili wanaowatisha vijana hawalisemi. Waliobaki na hisa walipewa hisa za AOL, katika mpango uliokuwa na thamani ya dola bilioni 4.2 ulipotangazwa. Lakini hawakuokolewa na ubora wa kivinjari wala na mahakama. Waliokolewa na mnunuzi tajiri aliyetokea wakati bei za hisa za intaneti ziko juu. Kwetu hapa mnunuzi wa namna hiyo ni nani? Mimi simuoni.

Kwa hiyo msimamo wangu: tuchangie, ila kwa hela ambayo si ya ada wala ya kodi. Na kabla ya kutuma chochote, waulize wenye kampuni programu yao inakaa juu ya nini. Kama malipo yanapita kwenye mtandao wa simu ambao kesho unaweza kuanzisha huduma kama hiyohiyo, mkataba unasema nini? Wakifungiwa, wanapewa taarifa siku ngapi kabla? Wakijibu "tunaelewana nao vizuri", funga mkoba. Pia jina lako liingie kwenye daftari la wanahisa, na uwasilishaji BRELA uuone kwa macho yako. Ujumbe wa WhatsApp wenye emoji za makofi si hati ya hisa.

Upande wa chama nina neno pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ipo, Tume ya Ushindani ipo, na kutumia vibaya nguvu ya soko kumekatazwa. Tatizo ninaloliona ni muda. Marekani, pamoja na mawakili wote wale, kesi ilichukua miaka mitatu kufika uamuzi wa rufaa. Vijana watano waliopanga chumba Sinza hawana miaka mitatu, pengine hawana hata miezi mitatu ya kodi. Nataka ilani yetu iseme waziwazi: lalamiko la mdogo aliyefungiwa mlango lisikilizwe kwa siku zinazohesabika, na mlango ubaki wazi wakati shauri likiendelea. Nimeandika rasimu ya kurasa mbili na nitaipeleka kwenye kikao kijacho cha vijana. Anayetaka kuikosoa aniombe nakala mapema, maana nikishaiwasilisha pale itakuwa imeshakuwa ya wote.