‘Subiri mkuu arudi’: Kauli inayokwamisha kazi shuleni

Bomba la maji limepasuka bweni la wasichana. Fundi ameshafika na vifaa vyake, anataka fedha ya kununua koki. Mkuu wa shule yupo halmashauri kwenye kikao tangu asubuhi. Makamu wake yupo ofisini, tatizo ameliona kwa macho yake, lakini jibu lake ni fupi: “Subiri mkuu arudi.”

Kauli hiyo si ngeni kwa walimu wa sekondari za umma nchini Tanzania. Wengi huichukulia kama uzembe wa makamu. Mara nyingi si uzembe. Ni dalili kwamba wakubwa wawili wa shule moja hawajawahi kukaa chini na kukubaliana nani anaamua nini.

Mkuu yuko safarini

Kazi ya mkuu wa shule imebadilika sana katika miaka 10 iliyopita. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na yeye ndiye anayeulizwa ilivyotumika. Mwaka 2021, fedha za Uviko-19 zilipoelekezwa kujenga madarasa 15,000, wakuu wengi walijikuta wasimamizi wa ujenzi: saruji leo, nondo kesho, ukaguzi keshokutwa.

Ongeza vikao, ziara za viongozi na ripoti za haraka. Matokeo yake, kwa siku nyingi za wiki anayeendesha shule ni makamu. Anapanga walimu wa zamu, anasuluhisha ugomvi wa wanafunzi, anapokea wazazi. Ila muhuri wa shule umefungiwa kwenye droo, na ufunguo uko mfukoni mwa mkuu.

Fimbo ina maandishi, mengine mdomoni

Kuna jambo moja la kushangaza. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule mamlaka ya kutoa adhabu hiyo. Akitaka mwalimu mwingine aitoe kwa niaba yake, lazima amruhusu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu.

Yaani kwa viboko vinne, serikali ilitaka karatasi. Lakini kwa shule yenye mamia ya wanafunzi, mkuu anaposafiri siku tatu, kinachoachwa mara nyingi ni ujumbe wa simu: “Makamu, angalia hapo shule.”

Angalia nini? Atumie fedha kiasi gani? Anaweza kumruhusu mwalimu aliyefiwa? Anaweza kumrudisha mwanafunzi nyumbani? Makamu akiamua na mambo yakaenda vibaya, lawama ni zake. Akiamua vizuri, anaweza kuambiwa anajifanya mkuu. Hapo mtu mwenye akili zake hachagui kuamua. Anachagua kusubiri.

Posho nayo inasema

Suala la fedha nalo lina uzito wake. Serikali hulipa posho ya madaraka ya Sh250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa shule ya sekondari na Sh200,000 kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Makamu hayumo kwenye viwango hivyo. Anabeba mzigo wa ofisi huku akiwa na vipindi darasani kama wenzake.

Mkuu hana uwezo wa kubadilisha viwango hivyo. Anachoweza ni kutomwacha makamu wake gizani. Makamu asiyejua ruzuku imeingia lini wala imetumikaje atasikia tetesi kama wengine, na siku walimu wakianza kunong’ona hatakuwa na la kumtetea bosi wake.

Upande wa pili nao una makosa. Wapo makamu wanaokubali jambo ofisini, kisha wakifika chumba cha walimu wanasema, “Mimi nilimwambia, hakusikia.” Kwa sentensi hiyo moja shule inagawanyika kambi mbili. Wanafunzi huiona mapema kuliko ofisa elimu yeyote, na wanajua mlango upi wa kugonga wakinyimwa ruhusa kwenye mlango mwingine.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Suluhisho halihitaji bajeti kubwa. La kwanza ni karatasi moja yenye sahihi mbili: mambo ambayo makamu anaamua mwenyewe, anayoamua kisha anatoa taarifa, na ambayo lazima amsubiri mkuu. Iwe na kiwango cha fedha ya dharura na utaratibu wake, kinacholingana na taratibu za fedha za umma. Walimu wote waijue.

La pili ni kikao cha watu wawili kila Jumatatu kabla ya mstarini, hata dakika 20: nani anasafiri, fedha ipi imeingia, mwalimu gani ana shida. La tatu ni kubishana ndani ya ofisi, tena kwa uwazi, kisha kutoka na kauli moja. Mkuu akiona makamu amekosea, amrekebishe faragha. Kutengua uamuzi wake mbele ya wanafunzi ni kumvua cheo bila barua.

Serikali nayo ina sehemu yake. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (Adem), wenye makao yake Bagamoyo, hutoa mafunzo kwa viongozi wa shule. Kuwaita mkuu na makamu wake pamoja, wakae dawati moja, kungesaidia kuliko kumnoa mmoja na kumwacha mwingine. Na posho ya makamu ni mjadala ambao haupaswi kuendelea kuahirishwa.

Makamu wa leo ndiye anayetazamiwa kuwa mkuu wa kesho. Akikaa miaka mitano akijifunza kusubiri tu, ndicho atakachokwenda kumfundisha makamu wake. Na kule bwenini, maji yatakuwa bado yanamwagika.