Jino Kunyamaza Siko Kupona

Katika nyumba zetu jino likiuma sana hung'olewa. Na likibahatika kutibiwa mzizi, mara nyingi matibabu huachwa njiani punde maumivu yanapotulia. Leo twapenda kusema juu ya desturi hii ya pili, kwani hupoteza jino na mali pamoja.

Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likioza mpaka hapo, vijidudu huingia, nyama ikafa, na uchafu ukateremka katika vijifereji vya mizizi hata kwenye mfupa wa taya. Mwaka 1965 wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya. Panya waliolelewa pasipo vijidudu, nyama za meno yao zilipona. Wale wa kawaida, zilikufa. Basi kazi ya daktari ni kuwatoa vijidudu hao na kuwazuia wasirudi.

Kufaulu kwa kazi hiyo kwategemea mambo manne. La kwanza ni kuwahi: jino ambalo ugonjwa wake haujala mfupa hutarajiwa kupona kuliko lile lililocheleweshwa. La pili ni usafi. Daktari hulitenga jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, kisha husafisha vijifereji kwa vyuma vyembamba na dawa ya kuua vijidudu. Gego la kwanza la juu huwa na mizizi mitatu, lakini aghalabu vijifereji vinne. Kimoja kikisahauliwa, adui amebaki nyumbani. La tatu ni kujaza: vijifereji vijazwe pasipo mwanya, mjazo ukome ndani ya milimita 2 kutoka ncha ya mzizi, wala usitokeze nje.

La nne ndilo letu sisi wagonjwa, nalo ni kumaliza. Kizibo cha muda hakikuwekwa kidumu. Kikilegea, mate hupenya na vijidudu hurejea. Tena gego lililochimbwa huwa dhaifu, hupasuka kwa kutafuna, na kwa hiyo huhitaji kuvikwa taji. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa meno yaliyotibiwa mzizi bila ya kuvikwa taji yalipotea kwa kiasi cha mara 6 zaidi ya yaliyovikwa.

Huenda kijana akasema, "Mbona haliniumi tena?" Twamjibu: nyama iliyokuwa ikiuma imekwisha tolewa, kimya chake si ushahidi wa afya. Ushahidi ni picha ya eksirei, ipigwayo baada ya mwaka 1. Na mfupa hujijenga polepole. Pengine daktari huendelea kuuangalia hata miaka 4.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, yafaa mwenye nyumba aulize gharama yote, ya mzizi na ya taji pamoja. Ikiwa fedha hazitoshi, asione haya kumwambia daktari mapema, wapate kushauriana njia iliyo ndani ya uwezo wake. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko kulipia jino, kisha kulipia tena kuling'oa. Viungo vyetu ni amana. Na amana haitunzwi nusu.