Hospitali Ni Yetu Siku ya Kubeba Mawe Tu?

Mawe tulibeba sisi. Mchanga tuliusomba sisi. Kina mama walipanga mstari na ndoo kichwani kupeleka maji ya kuchanganyia zege, na asiyefika alitozwa faini. Mtendaji wa kijiji alipita na daftari nyumba kwa nyumba. Ambaye jina lake halikuwa na tiki alifuatwa hadi shambani.

Boma la zahanati likasimama. Serikali ikaleta mabati. Mgeni rasmi akakata utepe, tukapiga makofi, tukacheza ngoma hadi jioni.

Kisha tukaonyeshwa mlango.

Tangu siku ile, nani amekuuliza lolote kuhusu zahanati hiyo? Nani amekuambia imeingiza shilingi ngapi, imetumia ngapi, na kwa kazi gani? Nani amekuita ushuhudie maboksi ya dawa yakifunguliwa? Nguvu zako zilitakiwa. Akili yako haikutakiwa. Na wewe ukakubali!

Umekubali, ndugu yangu, na mimi nimechoka kukuona umekubali. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Tulishiriki kujenga, tukadhani kazi imekwisha, na mtoto tukamwachia wengine. Leo tunashangaa amekonda.

Usiniambie hili ni jambo la wakubwa. Septemba 1978, kule Alma-Ata, mataifa ya dunia yalitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Haki na wajibu. Katiba yetu wenyewe Watanzania, Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa mwelekeo huo huo, Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ikaja mwaka 2001, baada ya mfuko huo kujaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Maandishi yanatutosha. Hatuhitaji waraka mwingine.

Tena chombo chenyewe kipo. Kila zahanati, kila kituo cha afya, kila hospitali ya wilaya inatakiwa iwe na Kamati ya Usimamizi, na ndani yake wamo wananchi wa kawaida kama mimi na wewe. Juu yake ipo Bodi ya Afya ya Halmashauri. Kamati hiyo ina kazi ya kujadili mpango na bajeti ya kituo, kufuatilia mapato na matumizi, kushuhudia dawa zikipokelewa, na kuyafikisha malalamiko ya wagonjwa panapohusika.

Haya, nitajie mwenyekiti wa kamati ya zahanati yako.

Humjui. Mchezaji wa Simba aliyesajiliwa wiki iliyopita unamjua kwa jina na namba ya jezi. Mtu aliyepewa dhamana ya kuangalia dawa za mwanao humjui, na huenda mnasalimiana kila asubuhi kisimani.

Aliingiaje kwenye kamati? Mara nyingi hakuna aliyeomba nafasi hiyo, kwa hiyo mtendaji na mganga wakakaa wakatafuta majina. Wakamchukua mpole asiyeuliza. Mtu huyo anaitwa mara moja moja, anawekewa muhtasari mbele yake, anatia saini, anarudi nyumbani. Kikao kimekwisha. Vipo na vikao ambavyo havikukaliwa kabisa, ila muhtasari wake umo kwenye faili, umesainiwa na kugongwa mhuri.

Hapo ndipo mali yetu inapopotelea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zahanati yetu daftari inalo. Tena inalo la dawa, la fedha, na la vikao. Wa kulisoma ndiye hayupo.

Na fedha zimesogea karibu kuliko wakati wowote. Zamani ziliishia halmashauri, kituo kikakaa kusubiri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe. Zahanati ya kijiji! Ina akaunti yake, ina mpango wake, ina makusanyo yake ya papo kwa papo. Fedha zimekuja hadi mlangoni kwetu, na sisi tumefunga mlango tukalala.

Sasa tazama usingizi huo unavyotugharimu.

Unafika na mtoto, homa inapanda. Anapimwa, malaria. Unaambiwa, "Dawa zimeisha, kanunue nje." Unainama, unatoka, unaingia duka la dawa lililo hatua chache kutoka getini. Huulizi. Kwa nini huulizi? Zimeisha lini? Kituo kiliagiza lini kutoka Bohari ya Dawa? Kiliagiza kwa wakati au oda ilichelewa? Na kama Bohari haikuwa nazo, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa, kwa fedha zake chenyewe. Utaratibu huo ulianza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014, ukaenezwa nchi nzima. Je, mshitiri alitafutwa? Akaunti ilikuwa na nini siku hiyo? Maswali haya yote yana majibu, na majibu yapo kwenye makaratasi umbali wa ukuta mmoja kutoka benchi ulilokalia.

Sera inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wanatibiwa bure, na mzee asiye na uwezo vilevile. Lakini mama anakwenda kujifungua akiwa na mfuko wake wa glavu, pamba, wembe na mpira wa kulalia. Asiye na mfuko huo anaona aibu kwenda, anabaki nyumbani kwa mkunga wa jadi, na damu ikianza kumtoka usiku ndipo mbio zinaanza. Gari la wagonjwa la hospitali ya wilaya lipo, mafuta hayapo. Ndugu wanachangishana gizani, huyu elfu mbili, yule elfu tano. Wengine hawawahi.

Halafu tunakwenda mazikoni, na mtu anasimama kusema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuandika bajeti ya mafuta ya gari lile! Iliandikwa na watu, ikapitishwa na watu, na kiti chako kwenye kikao kile kilikuwa wazi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nakuomba pia uache kumtukana muuguzi. Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje nikasikia mwanamume mzima akimfokea binti aliyekesha peke yake wodini, kana kwamba yeye ndiye aliyekula dawa. Binti yule hana glavu kama wewe usivyo na dawa. Kamati ikilala, anaumia yeye kwanza, maana ndiye anayetazamana na hasira zetu, na hana pa kusemea. Hasira tunayo ya kutosha. Tumeipeleka kwa asiyehusika.

Wapo watakaosema tumsubiri Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG. Namheshimu CAG, na ripoti zake huwa nazifuatilia. Lakini CAG hufungua vitabu vya mwaka uliokwisha pita. Akibaini dawa ambazo hazikuonekana kwenye leja, mtoto aliyezikosa ameshapona au ameshazikwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ni wewe, unayekaa mita mia tatu kutoka stoo ya dawa.

Wapo na wataalamu wanaosema wananchi hawana elimu ya kusimamia hospitali. Hili ndilo linaloniudhi kupita yote. Nani amesema tunataka kupasua watu? Tunataka kuhesabu maboksi na kujua bei ya dumu la dizeli. Mama zetu wanaendesha vikoba. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo zimeshikwa na wanawake watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wafike na kila senti ihesabiwe mbele ya macho ya wanachama. Wengi wao wameishia darasa la saba. Senti haipotei. Leo useme hao hao hawawezi kusoma leja ya zahanati?

Wanaweza. Kinachowazuia ni mpangilio, na hapa wakubwa nao wasikie. Katibu wa kamati ni mganga mfawidhi. Yeye ndiye anayeitisha kikao, anayeandaa ajenda, anayeandika muhtasari na kutunza faili. Yeye ndiye pia anayesimamiwa. Mtu anajisimamiaje? Abaki katibu kama sheria inavyotaka, kwa kuwa taarifa anazo yeye, lakini ajenda ipitie kwa mwenyekiti, na wajumbe wapewe hesabu siku kadhaa kabla ya kikao. Kuwekewa makaratasi mezani na kalamu juu yake ni kudharauliwa. Na mbao za matangazo ziache kubandikwa kalenda za miaka iliyopita. Zibandikwe mapato na matumizi, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoziona mzee.

Lakini hawatafanya hivyo kwa hiari. Nani hupenda kuulizwa?

Kwa hiyo narudi kwako. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho ulihudhuria lini? Siku ya kampeni uwanja haukutoshi, unapanda mti upate kuona. Siku ya kusomewa hesabu akidi haitimii, mkutano unaahirishwa, na wanaofurahi ni wale wasiotaka kuulizwa.

Na mambo makubwa zaidi yanakuja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023. Kaya zenye uwezo zitachangia. Fedha za bima zitalipwa kwenye vituo hivi hivi, zitaingia kwenye akaunti hizi hizi, zitajadiliwa na kamati hizi hizi ambazo huzijui. Ukiwa umelala hadi siku hiyo, utalipa mwaka mzima na bado utaambiwa kanunue nje.

Tangazo la mkutano likibandikwa, nenda. Kaa mbele. Taka mwenyekiti wa kamati ya zahanati asimame, asome mapato na matumizi ya miezi mitatu iliyopita na oda ya mwisho ya dawa. Akiwa hana cha kusoma, msipige kelele. Dai iandikwe kwenye muhtasari kwamba wananchi wameuliza na hawakujibiwa, nakala iende kwa diwani na kwa mganga mkuu wa wilaya. Na muda wa kamati hii ukimalizika, fomu zikitoka, jaza yako. Usimngoje mtendaji atafute mpole mwingine.