Mpeni Naye Sehemu ya Kuigiza

Ndugu zangu wa Rhamu, nina ombi moja, na nalileta kwenu kama mtu anavyopeleka jambo kwa jamaa zake. Shule zetu na vikundi vyetu vya vijana vinapoandaa mchezo wa kuigiza, shairi au masimulizi, mtoto mwenye ulemavu asiachwe nje. Apewe sehemu, na sehemu hiyo iwe ya kweli.

Najua wapo watakaouliza: maigizo ya nini, wakati mtoto huyu anahitaji kiti cha magurudumu, dawa na karo? Anavihitaji vyote, na tuzidi kumtafutia. Lakini mnawajua vijana wetu. Mmewaona wanaobaki chumba cha ndani wageni wakija. Mmewaona wanaoulizwa swali, mama akawajibia haraka, kwa mapenzi, kwa sababu hataki wahangaike kutamka. Mtoto akijibiwa hivyo miaka kumi na mitano, ataijua lini sauti yake?

Sisi wa Kaskazini Mashariki jambo hili tunalo nyumbani. Mwaka 2013 polio, ambayo wengi tulidhani imekwisha, ilirudi Pembe ya Afrika. Hapa Kenya ilianza kuonekana Dadaab, na wagonjwa wakafika 14. Watoto waliopooza miguu mwaka ule leo ni vijana. Waongeze waliozaliwa na mtindio wa ubongo baada ya uchungu mrefu mbali na hospitali, na waliopoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya laki tisa wenye ulemavu. Je, huyo wa kwenu alihesabiwa?

Sasa, mchezo wa kuigiza unampa mtoto kitu ambacho huruma haiwezi kumpa: wenzake wanamhitaji. Bila yeye hawaendi mbele.

Tuseme kijana anayezungumza kwa shida amepewa kuigiza mwuza vitunguu vya mashamba ya Mto Daua. Mnunuzi anafika, anauliza bei. Hapo hakuna wa kumjibia. Mnunuzi amesimama na kikapu chake, maneno yake yamekwisha. Watazamaji wametulia. Kijana anavuta pumzi, midomo inaitafuta herufi ya kwanza, shingo imekaza, mpaka bei inatoka. Ni bei ya juu mno, na uwanja mzima unaangua kicheko. Wamecheka alichosema. Namna anavyosema wameshaisahau. Kijana aliyewahi kuchekesha watu mia kwa neno lake mwenyewe, kesho yake ataogopa kwenda dukani kununua sukari?

Ndiyo maana nasema sehemu iwe ya kweli. Tusimpe kila mara kuwa ombaomba njiani, wala yule anayeponywa kimiujiza mwishoni ili watu watokwe na machozi. Awe chifu. Awe dereva mkorofi wa lori la kwenda Mandera. Msichana asiyeona awe mama mkwe mwenye maneno. Vijana hawa wako hivyo majumbani, wana hasira, mizaha na ujanja wao, na mwalimu akiwasikiliza siku mbili tatu atajua nani afanye nini.

Tusiseme hatuna ukumbi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, kule Limuru, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao wakaigiza maisha yao wenyewe. Kule London kuna kundi la maigizo liitwalo Chickenshed, lililoanzishwa mwaka 1974, ambamo wenye ulemavu na wasio nao huigiza pamoja mpaka leo. Lilipata jina hilo kwa kuwa mazoezi ya mwanzo yalifanyika kwenye banda la kuku. Na Nairobi, mwaka 2016, vijana wenye ualbino walipanda jukwaani wakashindania taji la urembo na utanashati, familia zao zikiwatazama. Sisi hapa tuna kivuli cha mwarobaini na uwanja wa shule. Vinatosha kuanzia.

Najua pia wapo wazee wetu wanaojiuliza kama maigizo yanaifaa dini na heshima yetu. Swali hilo ni halali, na mwalimu awaendee nalo mapema. Mazoezi yapangwe yasigongane na swala, wasichana wakae na walimu wa kike, na maneno yatoke katika mashairi na hadithi zetu, ambazo watu wetu wamezienzi tangu zama za mababu. Na tunapofika kwenye suala la nani anastahili kusimama mbele za watu, hebu tumkumbuke Abdullah bin Umm Maktum. Hakuwa akiona. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfanya mwadhini pamoja na Bilal, na alipotoka Madina kwa safari alimwachia mji zaidi ya mara moja. Sauti yake ndiyo iliyowajulisha watu kwamba alfajiri imeingia.

Basi kila mmoja wetu afanye nini?

Mzazi, anza nyumbani leo jioni. Mtoto wako akiulizwa, mwache ajibu. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujamsaidia. Mwagize kwa jirani na ujumbe, arudi na jibu. Wewe kaka, unayemtania mdogo wako kwa namna anavyotembea, mwite kwa jina alilopewa. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa njia isiyomshusha hadhi. Mji wetu una mazoea ya kupeana majina ya utani kwa maungo ya mtu, na mara nyingi hakuna nia mbaya. Lakini umewahi kumwuliza mwenyewe kama analipenda?

Fundi seremala, kiti cha magurudumu kinazama kwenye mchanga wetu. Mbao chache zikipigiliwa pamoja, mtoto atavuka uwanja bila kubebwa mgongoni mbele ya wenzake. Unajua mwenyewe kijana wa miaka kumi na sita anavyojisikia akibebwa. Dereva wa bodaboda, una njia ya kupita karibu na shule jioni? Mpandishe mtoto mmoja. Mwenye duka, turubai lako kuukuu litawafaa kwa kivuli, na mtoto mwenye ualbino atafanya mazoezi bila jua kumchoma.

Walimu wangu, kazi kubwa ni yenu, nami nawashukuru kabla hamjaanza. Yapo mambo madogo yanayosaidia. Tandika mkeka mahali pa kuigizia, na asiyeona ataujua mpaka wa jukwaa kwa nyayo zake. Ngoma ikipigwa juu ya ubao, kiziwi aliyesimama juu ya ubao huohuo ataisikia miguuni. Darasa zima lijifunze ishara ishirini tu za Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha kiziwi awe ndiye mwalimu wa siku hiyo. Mtaona uso wake unavyobadilika! Na asiyetaka kusimama mbele asilazimishwe. Apange mavazi, atunge beti, ashike muda. Naye aitwe mwisho asimame na wenzake wapigiwe makofi pamoja.

Tamasha la maigizo la shule hupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia mashinani, kaunti, kanda yetu pamoja na Garissa na Wajir, mpaka la kitaifa. Mtoto wa Rhamu anaweza kufika huko kote akiwa na magongo yake. Hata asipovuka kaunti ndogo, atakuwa ameyashika maneno, amengojewa, na amepigiwa makofi na watu wa mji wake. Mimi naona hilo ndilo kubwa kuliko kikombe.

Orodha za waigizaji huanza kuandikwa muhula wa kwanza. Usingoje kuitwa. Nenda shuleni, umsalimie mwalimu wa drama, na umtajie jina la mtoto wako, au la yule wa jirani ambaye hajatoka nje tangu asubuhi. Mwalimu akikuambia hajui amweke wapi, kaeni chini mtafute pamoja.