Makaratasi ya bodaboda ni mtaji kama petroli

Mtu akisimama kando ya barabara kuu mjini Singida kwa nusu siku, anaweza kuona jambo la kumfikirisha. Pikipiki mbili zinakuja, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza ni kubwa, ina namba za nchi nyingine na mabegi kila upande. Ya pili ni ya kijana anayeelekea Mandewa, amefunga tenga la kuku kwenye keria. Mbele yao askari wa usalama barabarani ananyoosha mkono.

Mgeni anapunguza mwendo, anaegesha pembeni, anazima injini, anavua kofia ngumu na kutoa bahasha ya plastiki yenye karatasi zake zote. Kijana wa Mandewa yeye anakata kona, anaingia njia ya vumbi katikati ya nyumba na kutokomea, kuku wakipiga kelele.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mtu asiyeijua nchi wala lugha yake asimame, na mwenyeji aliyezaliwa hapo akimbie?

Wapo watakaojibu haraka kwamba vijana wa bodaboda ni wakaidi. Wengine watasema askari wamezidi kudai chai. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Kwa ukurasa wa biashara na kilimo, jibu lenye manufaa zaidi linahusu fedha. Mgeni anajua kwamba akikamatwa bila karatasi katika nchi ya watu, safari yake imeishia hapo, kwa hiyo alizilipia kabla ya kuwasha pikipiki. Mwenyeji anaziona karatasi hizo kama gharama isiyo na faida, naye anafidia upungufu huo kwa mbio.

Singida iko mahali ambapo wageni wa aina hiyo si ajabu. Anayetoka Rwanda huingia Tanzania kupitia Rusumo, akapita Kahama, Nzega na Igunga hadi Singida, kisha Manyoni na Dodoma. Anayetoka Kenya kupitia Namanga anaweza kukatiza Arusha, Babati na Katesh. Yule wa Rusumo ana mtihani wa ziada, kwani Rwanda vyombo hupita mkono wa kulia na hapa kwetu hupita kushoto. Mpanda pikipiki aliyesafiri kilomita elfu kwa upande mmoja anatakiwa abadilike ndani ya mita chache za daraja la mpakani.

Ndani ya bahasha yake mna pasipoti, leseni ya udereva, kadi ya pikipiki, kibali cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda na bima inayovuka mipaka. Bima inayojulikana zaidi katika ukanda huu ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inatambuliwa Tanzania ingawa nchi ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Akisimamishwa mara tano kwa siku, hutoa bahasha ile ile mara tano. Anaweza kuchoka, lakini haogopi.

Tusisahau kwamba hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo Busia, kati ya Kenya na Uganda. Anayevuka mpaka lazima awe na cha kumwonyesha askari. Vijana wa leo wamerithi jina hilo, ila bahasha ya karatasi hawakuirithi.

Hesabu ya anayekimbia

Tuchukulie dereva wa Mandewa anayebeba kuku, vitunguu au abiria, na ambaye hana leseni. Tuseme kila siku ya kazi anatoa shilingi 2,000 barabarani ili aachiwe. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni shilingi 52,000. Kwa mwaka ni shilingi 624,000.

Sasa tuangalie upande wa pili. Tangu bajeti ya mwaka 2019/20, leseni ya udereva hudumu miaka mitano badala ya mitatu, na ada yake wakati huo ilipanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Ukiigawa ada hiyo kwa miaka mitano unapata shilingi 14,000 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 40 kwa siku. Hata akiongeza gharama ya mafunzo, bima na leseni ya usafirishaji inayosimamiwa na LATRA, bado dereva huyo atabaki mbali sana na shilingi 624,000.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kinajaa kweli, ila ni cha mtu mwingine.

Hiyo ni hesabu ya fedha taslimu tu. Kuna hasara nyingine ambazo haziandikwi popote. Kuku waliofungwa kwenye tenga hawavumilii kuzungushwa vichochoroni juani. Gunia la alizeti likidondoka na kupasuka, mbegu zilizomwagika kwenye mchanga hazina bei kwa mwenye kinu. Abiria aliyekuwa akiwahi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo iko huko huko Mandewa, anaweza kufikishwa hapo akiwa na jeraha ambalo hakutoka nalo nyumbani. Mkulima wa kijijini aliyempa dereva mzigo wake ndiye anayebeba sehemu kubwa ya hasara hiyo, na mara nyingi hataelezwa chanzo chake.

Karatasi yenyewe iwe sahihi

Kuna dereva ambaye hakimbii na ana leseni mfukoni, lakini bado ananaswa. Leseni za pikipiki zina madaraja. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, zile ambazo injini yake haizidi sisi 125. Pikipiki kubwa zaidi ya hapo inahitaji daraja A. Pikipiki nyingi zinazofanya biashara siku hizi ni za sisi 125 au 150, na kwa macho zinafanana. Kijana anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila kutazama daraja lake anaweza kujikuta na leseni halali kwa pikipiki isiyo yake.

Tatizo jingine liko kwa wamiliki. Vijana wengi huendesha kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa bosi hadi chombo kiwe chao. Bosi hubaki na kadi ya pikipiki kama dhamana, jambo linaloeleweka. Lakini bosi asiyempa dereva hata nakala ya kadi, au anayeacha bima iishe kwa sababu "anayekamatwa ni yeye", anaihujumu biashara yake mwenyewe. Pikipiki iliyolala kituoni haileti hesabu.

Zaidi ya karatasi, kuna mambo ambayo hayana utetezi. Kupakia mishikaki, kubeba abiria bila kofia ngumu na kuendesha pikipiki isiyo na taa wala vioo vya pembeni ni makosa, tena yanayoua. Askari anayemsimamisha dereva kwa makosa hayo anafanya kazi aliyotumwa na umma. Wanaotaka askari waondolewe barabarani wajiulize nani atakuwa wa kwanza kuumia.

Wajibu wa anayesimamisha

Hata hivyo, itakuwa si haki kumwambia kijana wa Mandewa kwamba karatasi zikikamilika matatizo yote yamekwisha. Wapo wenye karatasi zote ambao bado wanaambiwa "tuongee". Mgeni naye huambiwa hivyo. Tofauti ni kwamba mgeni anaweza kuketi chini ya mti nusu siku akisubiri askari achoke. Aliyebeba kuku hana nusu siku. Askari mwenye nia mbaya analijua hilo, na muda wa dereva ndio anaougeuza kuwa bei.

Utaratibu uliopo, ukifuatwa, unaiondoa silaha hiyo. Kosa linapoandikwa, dereva hupewa taarifa yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, naye hulipa kwa simu au benki ndani ya muda uliowekwa. Hakuna sababu ya noti kupita mkononi barabarani. Kama hakubali kosa, ana haki ya kulikataa na kusikilizwa mahakamani. Vyovyote iwavyo, mzigo unaweza kuendelea na safari.

Kiwango chenyewe kilishapunguzwa. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, Dk. Mwigulu Nchemba, wakati huo Waziri wa Fedha na mbunge wa Iramba mkoani humu humu Singida, alitangaza kushusha faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Sababu ilikuwa wazi: faini iliyolingana na ya gari ilikuwa ikimsukuma dereva wa pikipiki kutafuta njia ya mkato. Punguzo hilo lina maana tu pale risiti inapotolewa. Dereva anayetoa shilingi 5,000 bila risiti anadhani ameokoa nusu, kumbe kesho atasimamishwa tena kwa kosa lile lile, maana halikuandikwa popote.

Mwaka 2018, Kangi Lugola akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, aliagiza pikipiki zisirundikwe vituoni isipokuwa zile zilizohusika katika uhalifu, zilizopata ajali au zisizo na mwenyewe. Agizo la aina hiyo lilitolewa kwa sababu pikipiki zilikuwa zikioza kwenye viwanja vya vituo huku wenye nazo wakiendelea kudaiwa mikopo. Busara yake inabaki pale pale. Kosa la kukosa kofia ngumu linatosha kulipiwa faini. Kukamata chombo ni kukamata chakula cha nyumba mbili, ya dereva na ya mmiliki.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimwangalii mpokeaji peke yake. Anayetoa naye ana kosa. Dereva anayetangulia kuchomoa noti kabla hajaulizwa lolote ajue kwamba amejiweka kwenye kapu moja na yule anayemlalamikia. Namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bure, na ni nafuu kuliko shilingi 2,000 za kila siku.

Kifanyike nini Mandewa

Njia ya kutoka ipo na haihitaji fedha za mfadhili. Vijiwe vya bodaboda tayari vina viongozi na michango ya kusaidiana wakati wa misiba na magonjwa. Kijiwe chenye wanachama 20, kila mmoja akichanga shilingi 1,000 kwa wiki, kinakusanya shilingi 80,000 kwa wiki nne. Hiyo inalipa ada ya leseni ya mwenzao mmoja na chenji inabaki. Kwa mzunguko huo, kabla ya miaka miwili kwisha kijiwe kizima kina leseni. Chuo cha VETA kipo Singida, na kijiwe kinachoomba mafunzo kikiwa kundi kina nafasi nzuri ya kusikilizwa kuliko kijana mmoja mmoja.

Wamiliki watoe nakala ya kadi na bima, na waandike kwenye mkataba nani analipia nini. Wakulima na wafanyabiashara wa kuku, vitunguu na alizeti nao wana nguvu wasiyoitumia. Wakikataa kumpa mzigo dereva asiye na leseni, kama wanavyokataa gunia lililotoboka, soko litafanya kazi ambayo doria haijaiweza. Kwa askari, ombi si kubwa: wasimame mahali panapoonekana, wataje kosa, watoe karatasi, waruhusu mzigo upite.

Kijana wa Mandewa akiwa na bahasha kama ya yule mgeni, ataweza kuegesha pembeni, kuvua kofia na kusema "Shikamoo, afande" bila moyo kwenda mbio. Dakika tano baadaye atakuwa njiani, na kuku watafika sokoni wakiwa hai. Mwenye kuku atampa mzigo tena wiki ijayo, na huo ndio mwanzo wa mteja wa kudumu.